Neno la Daktari na Neno la Mama: Maoni Juu ya Majina ya Maradhi

Watu wa vitabu hupenda kushindana juu ya maneno, na mara nyingi mashindano yao hayamletei mtu hasara. Ashinde huyu, ashinde yule, mvua hunyesha vile vile na mahindi huota vile vile. Walakini yako maneno ambayo si ya vitabu tu, maana mtu akipotewa na neno hupotewa na njia, na pengine hupotewa na mtoto. Maneno hayo ni majina ya maradhi, na juu yake twataka kusema machache.

Kwa miaka mingi tumesikia pande mbili zikivutana juu ya majina haya. Watu wa upande wa kwanza husema ya kwamba maradhi yatajwe kwa majina ya kitaalamu, yaliyopimwa mipaka yake, ili daktari wa Mombasa na daktari wa Kigoma wakitaja neno moja wawe wamekusudia kitu kimoja. Watu wa upande wa pili husema ya kwamba jina lisilojulikana na mama wa kijijini halimfai mama huyo, hata likiwa sahihi namna gani. Basi na tutumie maneno ya nyumbani, yaliyo mepesi kinywani. Sisi wenyewe tumepata kuwa wa upande wa kwanza, kisha tukahamia wa pili. Leo twaona ya kwamba pande zote mbili zimeacha swali moja. Wa kwanza huuliza, "Je, neno hili ni sahihi?" Wa pili huuliza, "Je, neno hili lajulikana?" Swali walilolisahau ni hili: "Mtu akiisha kulisikia neno hili, atafanya nini?"

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadha iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha pwani, tuliletewa karatasi kutoka zahanati, tuwasomee akina mama baada ya ibada. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu. Ilieleza habari za malaria na malaria kali. Ikataja homa kali, upungufu wa damu, kupoteza fahamu, na mitukutiko ya viungo. Ikaonya ya kwamba mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kukawia. Tuliisoma polepole, na kila neno gumu tukalieleza. Akina mama wakaitikia vizuri. Tulipomaliza, bibi mmoja mzee akasema, "Mwalimu, ahsante. Na degedege, mbona hukuitaja?" Tukaitazama karatasi. Neno hilo halikuwamo. Tukamjibu, "Bibi, karatasi hii ni ya malaria." Akanyamaza, nasi tukaikunja karatasi tukaenda zetu.

Haukupita muda mrefu, mtoto wa mmoja wa akina mama wale akashikwa na homa, kisha na mitukutiko. Mama yake hakuwa mvivu wala mjinga, wala hakuwa amesahau aliyoyasikia. Aliyakumbuka yote. Lakini alichokiona mbele yake kilikuwa degedege, na mwalimu alikuwa amekwisha kusema ya kwamba karatasi si ya degedege. Mtoto akapelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, akafukizwa na kuogeshwa dawa, na siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali. Alipona, lakini masikio yake hayakurudi kuwa kama yalivyokuwa. Twaandika habari hii kwa sababu twaamini ya kwamba walimu wengine wameulizwa swali lile lile, nao wamelijibu kama tulivyolijibu sisi.

Baadaye tulijifunza ya kwamba jambo hili limekwisha kuchunguzwa. Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda wilaya ya Bagamoyo, wakawauliza watu wayaitaje magonjwa ya homa na wayatibuje. Na habari za uchunguzi huo zilichapwa mwaka 1996. Waliona ya kwamba watu walikuwa na magonjwa mawili katika fikira zao, hapo ambapo madaktari walikuwa na mmoja tu. Wa kwanza ni homa ya malaria: ugonjwa wa kawaida, huja na kwenda, na dawa yake ni ya hospitali au ya dukani. Wa pili ni degedege: humpata mtoto mdogo, huja ghafula, macho hugeuka, viungo hukakamaa na kutukutika. Huu wa pili walidhani asili yake ni shetani mwenye umbo la ndege, na dawa yake i kwa mganga ayajuaye mambo hayo. Tena wako walioamini ya kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Basi na tufikiri: kwa mama mwenye imani hiyo hospitali, penye sindano, ndipo mahali pa mwisho pa kumpeleka mtoto wake. Na kumbe mara nyingi degedege ile ni malaria ile ile, iliyozidi nguvu.

Ndipo tulipofahamu swali la bibi yule. Yeye hakuuliza maana ya neno. Alikuwa akituonyesha ya kwamba katika karatasi yetu hatari kubwa kuliko zote haikutajwa kwa jina lake.

Msomaji wa upande wa kwanza aweza kusema, "Hayo ndiyo madhara ya maneno ya nyumbani. Degedege ni neno lililozaliwa katika ushirikina, na liachwe." Ni kweli jina hili lanasibishwa na ndege, na upande wa kaskazini wa pwani husikika neno nyuni, jina la kale la ndege, ambalo nalo hutumiwa kwa ugonjwa huu wa watoto. Lakini msomaji huyo na alitazame na neno lake mwenyewe. Malaria ni neno la Kitaliani, na maana yake ni hewa mbaya. Walioliunda walidhani ya kwamba homa hutoka katika mvuke wa mabwawa. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Algeria, aliviona vijidudu vya ugonjwa huu katika damu ya mgonjwa. Na mwaka 1897 Ronald Ross, huko Uhindi, alivikuta katika mwili wa mbu. Hewa ikaonekana haina hatia, lakini jina lake halikufutwa. Na homa, neno tulilolipata kwa Waarabu, lasema joto la mwili tu, wala halisemi limetoka wapi. Basi tuna majina matatu: moja lamshitaki ndege, moja laishitaki hewa, na moja halimshitaki mtu. Hakuna hata moja limtajalo mbu.

Wala tusiwacheke wazee wetu kwa kutomjua. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, homa ilimchukua mkewe na mtoto wao mchanga katika mwezi wa Julai wa mwaka huo huo. Mtu yule alikusanya maneno ya Kiswahili kwa bidii ambayo sisi sote twala matunda yake, na kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Lakini habari ya mbu hakuwa nayo, kwa kuwa hapakuwa bado na mtu duniani aliyeijua. Wazungu waliilaumu hewa, wenyeji wakalaumu shetani, na watoto wa wote wawili wakafa.

Kwa hiyo twasema ya kwamba asili ya neno si hoja. Neno lililozaliwa katika kosa laweza kufanya kazi njema, kama neno malaria lifanyavyo katika vitabu vya madaktari. Hoja ni mipaka yake: neno laanzia wapi na laishia wapi katika fikira za asikiaye.

Na hapa ndipo watu wa upande wa kwanza walipokosa. Wao hudhani ya kwamba neno la kitaalamu likipelekwa kijijini litafika na mipaka yake yote, kama sanduku lililofungwa kwa kufuli. Sivyo. Neno likitoka kitabuni likaingia sokoni, watu hulipa mipaka mipya kwa kadiri ya waliyoyaona. Malaria, kwa daktari, ni ugonjwa uletwao na vijidudu fulani, kuanzia homa ndogo hata kupoteza fahamu na kufa. Malaria, kwa watu wengi, ni kule kuumwa kwa kawaida: kichwa, viungo, baridi kidogo, mtu husema "nina malaria" kama asemavyo "nina mafua". Neno ni moja, herufi ni zile zile, lakini daktari amesema jambo la kutisha na mama amesikia jambo la kila siku. Tena hakuna ajuaye ya kwamba hawakusikilizana, kwa maana kila mmoja alijua neno. Neno gumu lisilojulikana lina heri moja: mtu hulisikia akauliza, kwani kuuliza si ujinga. Neno ambalo kila mtu adhani alijua, lakini kwa mipaka mbalimbali, haliulizwi. Hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Watu wa upande wa pili nao wana kosa lao. Wao husema, "Basi tuache malaria, tuseme homa tu, na kila mtu atafahamu." Lakini neno homa ni pana mno. Nimonia ina homa, homa ya matumbo ina homa, uti wa mgongo una homa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwamba mtu adhaniwaye ana malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, kwa sababu iliyo wazi: si kila homa ni malaria, na mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria hutibiwa ugonjwa asio nao, na ule alio nao huendelea. Wako na wengine wasemao, "Tuwaambie watu ya kwamba degedege ni malaria, yaishe." Hilo lapendeza kwa ufupi wake, lakini si sahihi. Mtoto aweza kutukutika kwa malaria, au kwa homa kali ya namna nyingine, au kwa uti wa mgongo, au kwa kifafa. Mama aliyefundishwa ya kwamba degedege ni malaria, basi, atanunua dawa ya malaria dukani akakaa nyumbani, na mtoto mwenye uti wa mgongo atamfia mikononi. Urahisi nao huua.

Tufanyeje basi? Kwa maoni yetu mambo ni matatu, nayo yatupasa kuyatofautisha, maana kila moja lina dawa yake.

Jambo la kwanza ni pale ambapo watu wana majina mawili, na njia ya kufuata ni moja. Hapo kazi yetu ni kuyafunga majina hayo pamoja hadharani, bila kuliua hata moja. Karatasi yetu ingalisema hivi: "Mtoto akiwa na degedege, yaani akikakamaa na kutukutika, hiyo ni dalili ya hatari. Mara nyingi huwa ni malaria kali. Pengine ni ugonjwa mwingine mkali. Mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, umpeleke hospitali saa ile ile. Sindano ya hospitali haimwui mtoto mwenye degedege." Katika maneno hayo hakuna linalomshinda mama, na hakuna ambalo daktari angelikataa. Neno la mama limekuwa mlango, na neno la daktari limekuwa nyumba. Aliyetaka kuondoa mlango kwa kuwa hauna sura nzuri amewafungia watu nje.

Jambo la pili ni pale ambapo watu wana jina moja, na mambo yenyewe ni mawili yatakayo njia mbili. Hapo hapana budi kuleta neno jipya, hata likiwa gumu, na kulivumilia mpaka lizoeleke. Mfano wake ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Tanzania mwaka 1983, katika mkoa wa Kagera, watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanya biashara kutoka Uganda. Baadaye likaundwa neno UKIMWI kutokana na maneno Ukosefu, na kisha Upungufu, wa Kinga Mwilini. Lilikuwa neno la kuundwa mezani, na watu wa upande wa pili wangalilitabiria kufa. Halikufa, leo mtoto wa shule alijua. Lakini liliposhika mizizi likafanya kosa jingine: likameza na virusi na ugonjwa pamoja. Mtu aliyepimwa akaonekana ana virusi tu, majirani walisema, "Ana UKIMWI," na maana yake kwao ilikuwa "amekwisha kufa". Hapo ndipo tunaposhukuru kwa herufi tatu kavu, VVU, zisizo na utamu wowote. Maana mwenye VVU anayetumia dawa sawasawa aweza kuishi miaka mingi, akalima, akalea, asipatwe na UKIMWI. Kuyatofautisha maneno hayo mawili si ubishi wa wataalamu. Ni kumwambia mtu ya kwamba bado ana siku mbele yake, na kwa hiyo ana sababu ya kwenda kuchukua dawa.

Jambo la tatu ni pale ambapo majina ni mawili, kitu ni kimoja, na kila asikiaye jina lolote afuata njia ile ile. Hapo ugomvi hauna faida. Twasikia walimu wakiwasahihisha wanafunzi wasemao kansa, ati waseme saratani, kwa kuwa kansa ni la kigeni. Saratani ni la Kiarabu, na kansa asili yake ni Kilatini. Na yote mawili, katika lugha zao, ni jina la kaa wa pwani. Yule kaa ni mmoja, amekuja kwetu kwa vyombo viwili. Na waseme wapendavyo, mradi waende hospitali mapema.

Tukipima kwa kanuni hizi, twaona ya kwamba kazi nyingi ifanywayo kwa jina la kusahihisha lugha ya tiba huangukia mahali pasipohitajiwa. Angalia neno presha. Watu wote husema presha: presha ya kupanda, presha ya kushuka. Waandishi wakaona si Kiswahili safi, wakaleta shinikizo la damu, kutokana na kushinikiza, yaani kukandamiza. Ni neno zuri, wala hatulikatai katika kitabu. Lakini je, limeponya kosa lililokuwamo katika presha? Kosa lenyewe si sauti ya neno. Kosa ni kwamba presha, kwa watu wengi, ni kitu kinachosikika: mtu amekasirishwa, kichwa chauma, moyo waenda mbio, husema, "Presha imepanda." Akitulia husema, "Imeshuka," na vidonge huviweka kabatini. Na daktari asema ya kwamba shinikizo la damu aghalabu halina dalili. Mtu hutembea nalo miaka bila kujua, mpaka limpoozeshe upande mmoja. Basi anayeandika shinikizo mahali pa presha, asiseme neno juu ya jambo hilo, amebadilisha kibao cha mlangoni na mwenye nyumba ni yule yule. Afadhali aseme presha, kisha aongeze, "Presha huwapo hata kama huisikii, dawa yake hutumika hata siku unapojiona mzima."

Kisukari nalo latufundisha jambo. Ni neno jepesi, la Kiswahili kabisa, wala hakuna asiyelifahamu. Lakini wepesi wake ndio mtego wake. Mtu husikia sukari ndani ya jina, akakata shauri ya kwamba ugonjwa ni wa wala sukari. Huacha sukari katika chai, kisha hula sahani mbili za wali kwa moyo mweupe, bila kujua ya kwamba wali na ugali hugeuka kuwa sukari mwilini. Jina lililo wazi mno hujifanya mwalimu, na mara nyingi huwa mwalimu mbaya. Hatusemi jina hilo libadilishwe, limekwisha kukaa. Twasema ya kwamba kila atajaye kisukari mbele ya watu hana budi kulisahihisha jina hilo kwa sentensi ya pili.

Tusije tukadhaniwa ya kwamba twalaumu tu. Yako maneno yaliyofanikiwa, na yafaa tujue sababu. Kifua kikuu ni maneno ya nyumbani kabisa, nayo leo yana mipaka myembamba kama neno lolote la kitaalamu: ni ugonjwa wa vijidudu alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882, wala si kila kikohozi. Limekaza hata madaktari husema kifua kikuu cha mifupa, wala hakuna acheka ya kwamba mifupa haina kifua. Dawa mseto nalo ni la kusifiwa. Tanzania ilipobadili dawa ya malaria katika miaka ya 2006 na 2007, ikatumia dawa mbili pamoja katika kidonge kimoja, jina lilitoka jikoni: mseto ni wali uliopikwa pamoja na choroko. Mama asikiaye mseto huona mara moja ya kwamba mna vitu viwili, na ya kwamba kimoja peke yake si mseto. Na ulipokuja ugonjwa wa korona, mwaka 2020, watu walihitaji jina la kitambaa cha kufunikia pua na kinywa, wakalikuta barakoa, neno la kale la pwani, jina la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu na wa Unguja. Kwa muda mfupi likaenea pwani na bara. Maneno haya yote yana tabia moja. Yalichukuliwa mahali ambapo watu walikuwa wakiyatumia, kisha yakapewa mipaka mipya mbele ya macho yao, pamoja na kitu chenyewe: kidonge mkononi, kitambaa usoni, makohozi katika kikopo cha kupimia.

Najua wako watakaosema, "Lakini UKIMWI halikuchukuliwa nyumbani, nalo lilienea." Ni kweli. Lilienea kwa sababu lilisemwa redioni, shuleni, kanisani, msikitini na makaburini, kwa miaka mingi, na kila kijiji kilikuwa na msiba wake wa kulifafanua. Neno jipya laweza kufundishwa, lakini gharama yake ni kubwa, na karatasi moja isomwayo mara moja baada ya ibada haina fedha za kuilipa. Mwenye kuandika karatasi na ahesabu gharama hiyo kwanza.

Kwa walimu wenzetu, na kwa wachungaji ambao mara nyingi huombwa kusoma matangazo ya zahanati mbele ya watu, twaongeza shauri dogo. Msisome karatasi kabla hamjamsomea kwanza bibi mmoja mzee aliyelea watoto wengi, na kumwuliza, "Bibi, ugonjwa huu hapa kwetu waitwaje? Na wenye jina hilo hupelekwa wapi kwanza?" Majibu yake yaandikeni pembeni mwa karatasi, mkayasome pamoja nayo. Mkiisha kusoma msiwaulize watu, "Mmefahamu?" maana wote wataitikia. Waulizeni, "Mtoto akipatwa na jambo hili usiku wa leo, mtafanya nini?" Hapo ndipo mtakapojua kama neno limefika. Na mkiulizwa juu ya jina lisilomo katika karatasi, msijibu kama tulivyojibu sisi. Ichukueni habari hiyo kwa mwenye zahanati, naye atawashukuru, kwa kuwa hakuna awezaye kuandika asilolijua.

Mwisho twawaomba wasomaji wetu walioko pande mbalimbali, pwani na bara, watuandikie mambo matatu: jina la ugonjwa wa kutukutika kwa watoto katika lugha ya nchi yao, watu husema waletwa na nini, na mtoto hupelekwa kwa nani kwanza. Kamusi zetu zina jina la degedege na tafsiri yake, na tafsiri hiyo ni sahihi. Habari ya mahali apelekwapo mtoto haimo, nayo ndiyo tuitakayo.